Upande wa Dereva

"Sisaini."

Raya Abeid aliisukuma karatasi kwa kidole kimoja. Ikateleza mezani mpaka ikagusa tumbo la Afande Mashimba, mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiiwinda sahihi hiyo na sasa jasho lilikuwa limeanza kumtoka shingoni.

"Binti, nakusaidia," alisema Mashimba. "Ukikubali kwamba uliacha betri ya gari lako la rimoti kwenye chaja ndani ya stoo ya klabu, tunaandika uzembe. Ukikataa, tunaandika umechoma stoo kwa makusudi. Mlinzi Ngosha yuko hospitali, uso umeungua, mikono imeungua, ana mpira kooni na hasemi. Akifariki utajibu nini?"

"Nitajibu hivi hivi. Gari langu halikuwa stoo. Lilikuwa nyumbani kwangu Igogo, na mtu ameliiba. Andikeni mnachotaka, mimi sisaini."

"Chasisi yenye herufi zako imetolewa kwenye majivu!"

"Basi ikamateni chasisi."

Inspekta Wilhelmina Ndalahwa, aliyekuwa ameegemea dirisha, aliumeza mcheko wake haraka. Kesi hii alikuwa amekabidhiwa ikiwa imeshaiva, na yeye kesi za namna hiyo zilimtia kichefuchefu. Stoo ya klabu ya magari ya rimoti, pale Igogo karibu na ziwa, iliungua Jumamosi mchana. Majirani waliuzima moto kwa mchanga na ndoo za maji. Polisi walipokuja kupekua Jumapili asubuhi, juu ya meza ya kuchajia walikuta chasisi ya aluminiamu imepinda kwa joto, imechongwa R.A. ubavuni. Mwenyekiti wa klabu, Alexander Chenge, akatoa maelezo kabla hata hajaombwa. Kila kitu kikakaa mahali pake. Mashimba alifurahi, akamkamata mtu, na Rose, mke wa Ngosha, akamtemea mate mtu huyo pale mlangoni pa kituo mbele ya mji mzima.

"Afande," alisema Wilhelmina, "niachie mimi huyu mpaka gari la mahakama litakapokuja."

"Wa nini tena? Jina lake limekutwa kwenye majivu."

"Jina limekutwa. Yeye hakukutwa."

Mashimba alimkata jicho, akachukua karatasi yake na kutoka. Wilhelmina alivuta kiti. Raya alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtandio umefungwa nyuma ya kichwa, vidole vina madoa ya rangi yasiyotoka kwa sabuni. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango na vioo vya maduka. Magari ya rimoti yalikuwa ndiyo ugonjwa wake.

"Usidhani mimi ni rafiki yako," Wilhelmina alimwambia.

"Sijadhani."

"Vizuri. Hilo gari uliliunda mwenyewe?"

"Mwanzo mwisho. Linakuja kwenye boksi, vipande vitupu na vifuko vya skrubu. Afande, unanipotezea muda. Hujui hata unachouliza."

"Ndiyo maana nauliza." Wilhelmina aligeukia mlango. "Hellen! Lete lile boksi."

Koplo Hellen aliingia na boksi aliloliazima asubuhi ile kwa mwanachama mmoja wa klabu. Lilikuwa gari la aina ileile, halijabanduliwa hata utepe wake wa gundi. Raya alilitazama, na kwa mara ya kwanza tangu alale mahabusu ule uso wa vita ukalegea kidogo. Kisha akakumbuka alipo, akaukaza tena.

"Liunde," alisema Wilhelmina. "Mbele yangu. Nataka kujua kitu gani kinakaa wapi. Na useme kila unachofanya, maana mimi hapa ni mbumbumbu."

"Gari haliundwi kwa saa moja. Ukiharakisha skrubu unaua plastiki."

"Nipe mifupa tu. Mapambo baadaye."

Raya alipasua utepe wa boksi kwa ukucha. Akaweka bamba la chasisi mezani, jembamba, jeusi, lenye matundu mengi. Akafunga boksi la gia la mbele, kisha la nyuma, akaunganisha mhimili katikati. Kila skrubu ya kuingia kwenye chuma aliitia tone la gundi. Za kuingia kwenye plastiki aliziacha kavu. Mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu aliyefanya jambo hilo mara nyingi na kubishana na kila hatua yake. Alieleza huku akiutukana mwongozo wa kiwandani. Hizi shokapu, alisema, wanakwambia utie mafuta mepesi, lakini wao wanakimbizia kwenye zulia. Sisi tunakimbizia kwenye lami ya Mwanza, yenye kokoto. Ukifuata kitabu, kona ya kwanza unapinduka.

"Mota?"

"Inakaa huku." Aliigonga sehemu ya kulia. "Ni nzito, kwa hiyo betri inalala upande wa pili, gari lipate mizani."

"Huku kushoto."

"Kushoto. Upande wa abiria."

Wilhelmina aliyasikia maneno hayo yakipita, akayaacha yapite. Kisha akayafuata. Alifungua faili, akapekua mpaka kwenye maelezo ya Alexander Chenge, akasoma kwa kidole. *Asubuhi ya Jumamosi niliingia stoo nikaona gari la Raya mezani, chasisi tupu bila bodi. Bodi yake mpya hajawahi kutuonesha. Waya wa chaja ulikuwa umeunganishwa kwenye betri upande wa dereva.*

"Rudia. Betri iko upande wa nani?"

"Wa abiria. Kwani huoni?"

"Haiwezekani mtu akachajia huku kwenye mota?"

Raya alicheka, kicheko cha kuudhi. "Afande, mota haichajiwi. Hata mtoto anajua."

Wilhelmina hakukasirika. Alitoka nje kwa mlango wa pembeni, ambako fundi mmoja alikuwa chini ya Fuso la polisi, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Fundi! Upande wa dereva ni upi?"

Miguu ilitulia. "Unasemaje, afande?"

"Nakuuliza, upande wa dereva ni upi."

"Kulia, afande. Kwani leseni yako uliipata wapi?"

Aliwauliza na askari wawili wa zamu, wote wakanyoosha mkono wa kulia na kumtazama kwa huruma. Nchi nzima usukani uko kulia. Gari libaki mifupa mitupu, lipinduliwe, lifungwe kwenye gunia, bado Mtanzania atakwambia kulia ni kwa dereva na kushoto ni kwa abiria. Sasa Alexander, mwenyekiti wa klabu, mtu aliyeyashika magari haya miaka yote, ameiweka betri kwa dereva. Ama amekosea kuandika, ama hakuona kitu chochote na amebuni. Wilhelmina aliitamani ile ya pili. Lakini mtu anayebuni angesema lile analolijua, na Alexander alijua vizuri betri inakaa wapi. Uongo wa mtu mjuzi hauwi na kosa la kijinga kiasi hicho.

Aliporudi alimkuta Raya ameishika bodi ya lile gari, ganda la plastiki angavu kama kioo, anaipuliza vumbi.

"Hii ndiyo mnayoipaka rangi?"

"Ndiyo. Kwa ndani."

"Kwa nini ndani?"

"Ukipaka nje, likijigonga mara moja tu rangi imebanduka. Ukipaka ndani, plastiki inailinda, na nje inabaki inang'aa. Ila unafanya kila kitu kinyume. Rangi ya kuonekana kwanza unaipaka kwanza. Herufi unaziandika zimegeuka. Kama ninavyoandika kwenye vioo vya maduka nikiwa ndani."

"Na yako uliichoraje?"

"Bluu, na mstari wa njano. Nikatoboa kitundu chini ya mlango mmoja, waya wa betri utoke, nichaji bila kuvua bodi."

"Mlango upi?"

Raya aliiweka bodi chini taratibu.

"Raya. Mlango upi?"

"Upande wa betri. Nimeshasema."

"Na dereva? Wengine nimeona wanachora na dereva, kichwa na usukani kwenye kioo. Wewe ulimchora?"

Mwanamke aliyekuwa akimjibu mkuu wa upelelezi kama anamjibu mdai wa kodi alikuwa amekula jiwe, anatazama ukuta. Wilhelmina alikuwa amehoji wezi, wauaji, na padri mmoja wa uongo. Alikijua kimya cha mtu anayeficha kosa la jinai. Hiki hakikuwa hicho. Hii ilikuwa aibu.

"Gari la mahakama linakuja," alisema. "Mle ndani ukiingia, kutoka ni shughuli. Huko nje kuna mwanamke anaamini umemchoma mumewe. Na wewe unaona haya kuniambia ulichora nini kwenye gari la kuchezea?"

"Si la kuchezea!"

"Basi niambie."

"Nilikosea kumchora!" Raya alipiga meza, skrubu zikaruka. "Haya, umeridhika? Mji mzima wanakuja kwangu niwaandikie vioo. Herufi zote nilizigeuza, hata moja haikukosea. Dereva nikamsahau. Nimeishika bodi imepinduka, nikamchora mkono wangu wa kulia. Kuja kuigeuza, bwana mkubwa amekaa kushoto, kama yuko Ulaya. Sikumwonesha mtu. Niliifunika na kanga, nikasubiri nipate nafasi nimkwangue. Wale wa klabu wangenicheka mpaka kaburini."

"Kwa hiyo kwenye gari lako," Wilhelmina alisema polepole, "waya wa betri unatokea chini ya mlango wa dereva."

Raya aliipachika bodi juu ya chasisi, akaugusa mlango wa kushoto.

"Nani aliiona hiyo bodi?"

"Hakuna. Nimekwambia hakuna. Niliiacha nyumbani Jumamosi nilipokimbia na ndoo kwenda kuzima moto. Niliporudi mlango umesukumwa, gari halipo."

"Lilikuwa na bodi yake?"

"Ndiyo."

"Kwenye majivu hakuna hata tone la plastiki ya bluu. Aliyelichukua angeichoma?"

Raya alifikiri, na safari hii alifikiri kama shahidi, hasira ameiweka pembeni. "Kama ni mtu wa mtaani, angeitupa. Kama ni mtu wa klabu, hapana. Ile kazi ilikuwa nzuri, afande, ukimwacha dereva. Mtu wa magari haya hawezi kuichoma. Mkono ungekataa."

Wilhelmina alimwita Hellen kwenye korido, akamwambia maneno machache. Hellen aliondoka na askari wawili na hati ya upekuzi, bila kupita ofisini kwa Mashimba.

Alexander Chenge aliitikia wito mara moja, kama raia mwema. Shati limepigwa pasi, saa kubwa mkononi, harufu ya manukato imetangulia mlangoni. Raya alikuwa amerudishwa mahabusu. Mezani palikuwa na chasisi tupu aliyoiunda, betri ndani yake.

"Pole na kazi, afande. Nilidhani hili limeisha."

"Linakaribia kuisha. Nataka tu kulinganisha maelezo yako na kitu halisi. Nioneshe waya wa chaja uliuona umeunganishwa wapi."

Alexander aliinamia meza na kugusa betri bila kusita. "Hapa."

"Ndipo ulipopaita upande wa dereva."

"Ndiyo."

"Una hakika? Tusije tukaaibishwa mahakamani."

"Afande, haya magari nayajua. Hapa hapa."

Wilhelmina alitikisa kichwa kukubali, akaandika. "Gari lako la kutembelea umeliegesha wapi?"

"Hapo nje. Lile jeupe."

"Twende dirishani. Ulipokuja uliketi upande gani?"

"Kulia." Alicheka. "Kwani ningeketi wapi?"

"Kwa hiyo upande wa dereva ni kulia."

"Bila shaka."

"Na betri hii iko kushoto."

Kicheko kilibaki mdomoni, lakini macho hayakuwa nacho tena. Alitazama chasisi, akatazama gari jeupe. "Nilichanganya tu. Kushoto, kulia, mtu yeyote anachanganya."

"Kuchanganya ni mara moja. Wewe umeandika, umeulizwa, umethibitisha kwa kidole, na umeapa unayajua. Kuna gari moja tu Mwanza ambalo betri iko kwa dereva, bwana Alexander. Dereva wake amechorwa kushoto kwa bahati mbaya, na kitundu cha waya kiko chini ya mlango wake. Ukilibeba mikononi huku waya unaning'inia, ndivyo linavyokukaa kichwani. Lakini wewe umeapa uliliona tupu. Bodi yake hujawahi kuiona."

"Nani kasema dereva yuko kushoto? Huyo mshitakiwa? Atasema lolote!" Alisimama. "Nampigia wakili. Na nampigia mjomba, utajua mimi ni nani."

"Piga. Nami nasubiri simu."

Walikaa hivyo, Alexander akitafuta namba kwenye simu yake, Wilhelmina akihesabu nyufa za ukuta. Kama bodi haikuchukuliwa, au Raya amekosea juu ya mtu wa klabu kama alivyokosea kumchora dereva, basi hapa pana maneno matupu ya mchora mabango. Mashimba angemla nyama. Simu ya Wilhelmina ndiyo iliyolia kwanza. Aliiweka mezani, sauti wazi.

"Afande, tumeipata," ilisema sauti ya Hellen. "Chumbani kwake, juu ya kabati la nguo. Imefungwa kwenye taulo, safi kabisa. Mjumbe wa mtaa ameshuhudia."

"Rangi?"

"Bluu, na mstari wa njano."

"Dereva yuko upande gani?"

"Kushoto. Hivi hii gari ni ya nje?"

Wilhelmina alikata simu. Alexander alikuwa ameketi tena, na lile shati la pasi lilionekana ghafla kama la mtu mwingine.

"Iliyolipuka ilikuwa betri ya nani?"

Alexander aliinamisha kichwa mpaka karibu na meza.

"Mwanzo ulitaka kunijulisha wewe ni nani. Nijulishe."

"Yangu," alisema Alexander kwenye meza. "Niliiweka kwenye chaja nikaenda kula. Sikubadilisha chaja, ilikuwa ya betri za aina nyingine. Ngosha alijaribu kuitoa nje kwa mikono. Wakati wote wanazima moto nikapita kwa Raya, mlango haukuwa na kufuli. Nikaenda nalo kwangu, chasisi nikaichoma nyuma ya nyumba, nikaileta stoo jioni. Funguo ninazo mimi."

"Ngosha alijua betri ni yako."

"Alijua."

"Na angesema."

Alexander alifuta uso kwa mikono yote miwili. "Hospitali walisema hatamaliza usiku ule."

Wilhelmina alishikwa na hasira iliyomfanya asimame, aende mpaka dirishani, arudi. Hakusema alichotaka kusema. Aliandika maelezo mwanzo mpaka mwisho, akamsomea, na Alexander akasaini kila ukurasa.

Mashimba aliyasoma maelezo yale akiwa amesimama, kisha akayasoma tena ameketi.

"Mjomba wake ameshapiga simu mkoani," alisema. "Sikiliza, Inspekta. Huyu binti umwachie, sawa. Atoke kwa mlango wa nyuma, kimya kimya. Jina la Chenge lisitajwe kwa mtu yeyote mpaka wakubwa waamue."

"Na mke wa Ngosha?"

"Ataambiwa wakati ukifika."

Wilhelmina alikwenda mahabusu kumfungulia Raya, akamweleza yote kwa kifupi, hata habari ya mlango wa nyuma. Raya alisikiliza huku akifunga upya mtandio wake.

"Niliingia hapa kwa mlango wa mbele nimefungwa pingu," alisema. "Watu wananiona. Nitatokea huko huko."

"Nimeagizwa nyuma."

"Basi unikamate tena."

Wilhelmina alikuwa na miaka mingi kazini na alijua vizuri safari za ghafla za uhamisho zinakoishia, vituo visivyo na umeme wala mtandao. Alishika njia ya mbele.

Barazani watu waliinuka. Rose alikuwa katikati ya ndugu wa mumewe, mkononi amebeba hotipoti ya uji ambao Ngosha alikuwa bado hawezi kuumeza. Alipomwona Raya bila pingu, aliiweka hotipoti chini.

"Mnamwachia?" alisema. "Mbona mnamwachia?"

Raya alisimama mbele yake, karibu kabisa, pale pale alipotemewa mate. Hakurudi nyuma na hakuinamisha uso.

"Sikumchoma mumeo," alisema.

Rose alimtazama, kisha akamgeukia Wilhelmina. "Kama si huyu, afande, ni nani?"

Nyuma yake Wilhelmina alimsikia Mashimba akikohoa mlangoni, kile kikohozi cha kumwita mtu pembeni. Hakugeuka.

"Ni Alexander Chenge," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Mwenyekiti wa klabu. Betri ilikuwa yake, na mumeo aliungua akijaribu kuitoa."